Je, Yatosha Gazeti Lisiseme Uongo?



Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya neno moja lililotusumbua tangu wakati wa mavuno. Neno lenyewe ni hili: gazeti lifanye nini na habari za uongo? Mtu aweza kujibu upesi, akasema, "Lisizichape, na basi." Sisi nasi tulijibu hivyo, tukaona jibu letu ni jema. Lakini jambo lililotokea upande wa Mgori limetufundisha kwamba jibu hilo ni nusu tu ya jibu, na ya kuwa nusu iliyobaki ndiyo nzito zaidi.

Katika kijiji kimoja karibu na msitu wa Mgori mtoto mmoja alikuwa akichunga mbuzi. Jua lilipokuwa likishuka, fisi walitoka msituni wakakamata mbuzi wawili. Mtoto akakimbia, akaanguka katika mawe, akavunjika mkono. Hayo ndiyo yaliyotokea, wala hapakuwa na jambo lingine. Lakini usiku ule ule habari ilianza kutembea katika simu za mkononi. Kijiji cha kwanza kiliambiwa kwamba mtoto ameumwa na mnyama. Kijiji cha pili kiliambiwa kwamba mtoto amefariki. Hata siku ya mnada ilipofika, watu walikuwa wakisema kwamba aliyeua si fisi, bali ni simba wa kutumwa, na ya kuwa mwenye kumtuma anajulikana. Jina la mama mmoja mjane, mzee wa miaka mingi, likatiwa katika habari ile kama chumvi itiwavyo katika mboga.

Mwalimu mmoja mwema akatuandikia barua, akituomba tuichape habari hiyo ili Wakristo wajihadhari. Hatukuichapa. Tulimwuliza maswali mawili: Ni nani aliyeuona mwili wa mtoto? Na mazishi yalifanywa siku gani? Hakuweza kujibu, maana yeye naye aliletewa habari na mtu aliyeletewa na mwingine. Basi tukaiweka barua kando, tukaridhika nafsini mwetu. Baada ya majuma matatu tukapata habari kwamba yule mama ameihama nyumba yake usiku, akaenda kukaa kwa binti yake mbali, kwa sababu vijana walikuwa wakitupa mawe juu ya bati la nyumba yake.

Ndipo tulipotambua kwamba kuna swali ambalo hatukujiuliza. Sisi hatukusema uongo. Walakini uongo ulipita mbele ya mlango wetu, tukautazama ukienda zake gizani, na taa tulikuwa nayo mkononi. Je, tulikuwa hatuna hatia?

Watu wa nchi hii hawawezi kulifanya jambo hili kuwa mzaha. Wazee wa Singida walishuhudia, au walisimuliwa na wazazi wao, mambo ya watu-simba. Katika miaka ya 1946 hadi 1948 watu wengi wa wilaya ya Singida walikutwa wamekufa, na miili yao ina majeraha kama ya makucha. Serikali ya Waingereza ilipeleleza, ikakamata watu, na baadhi yao walihukumiwa kunyongwa. Tazameni jinsi habari ile ilivyokuwa ngumu. Haikuwa uongo mtupu, kwa kuwa damu ilimwagika kweli, na wauaji walikuwa watu wenye mikono kama yetu. Wala haikuwa kweli tupu, kwa kuwa ilisemwa kwamba watu hugeuka simba, au kwamba wako wawezao kumtuma simba kama mtu amtumavyo mbwa wake. Kwa maneno hayo mtu yeyote aliyechukiwa aliweza kushtakiwa na jirani zake. Tena maneno yale yale yaliwafaa wauaji wenyewe, maana watu wakisadiki kwamba simba ndiye aliyeua, hakuna atafutaye kisu. Hivyo uvumi ulimficha mwenye hatia, ukamfunua asiye na hatia. Ni nadra kuona kazi mbaya zaidi ikifanywa na maneno matupu.

Wala si mambo ya kale tu. Katika mikoa jirani ya Shinyanga na Tabora, na katika Mwanza, akina mama wazee wameuawa katika miaka yetu hii kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na mara nyingi ushahidi wote ulikuwa macho mekundu, yaani macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya habari ya uongo kwamba viungo vyao huleta utajiri. Kwa hiyo, tunaposema juu ya habari za uongo, hatusemi juu ya adabu za waandishi wa mjini. Twasema juu ya amri ya tano na amri ya nane pamoja.

Kwanza yatupasa kupambanua, maana si kila neno lisilo la kweli ni uongo. Kuna kosa: mwandishi aliandika kwamba daraja lilivunjika Jumanne, kumbe ni Jumatano. Mwenye kukosa hukubali kusahihishwa, na jambo likaisha. Kuna uvumi: neno lisilo na mwenyewe, ambalo kila mtu hulipokea na kuliongeza kidogo, wala hakuna aliyekusudia kudanganya. Kuna uongo wenyewe: mtu ajua kwamba si kweli, naye aunena kwa sababu ataka kupata fedha, au cheo, au shamba la jirani yake. Na kuna jambo la nne, lililo hatari kupita yote, nalo ni kweli iliyopindwa: picha ni ya kweli lakini ni ya nchi nyingine, maneno yalisemwa kweli, lakini nusu yake imekatwa. Gazeti likiyatendea haya manne kwa namna moja litakosa. Kumwita mwongo mtu aliyekosa ni kumwonea. Kumwita mkosefu tu mtu aliyedanganya kwa makusudi ni kumsaidia.

Uvumi una sheria zake, na hapo twaweza kujifunza kwa magazeti ya kale ya nchi yetu. Gazeti la serikali, Mambo Leo, lilianza kupigwa chapa Dar es Salaam mwaka 1923. Muda si mrefu wasomaji wakaanza kuliandikia juu ya mumiani, yaani wale waliosemwa kwamba huwakamata watu usiku na kuwatoa damu ili ifanywe dawa. Watu wengi walisadiki kwamba wenye kufanya kazi hiyo ni askari wa zimamoto, wenye magari mekundu. Wenye akili walijibu, wakaeleza, wakacheka. Uvumi haukufa. Ulienea Kenya, Uganda na Kongo, ukaishi miaka mingi baadaye. Bibi Luise White, mwanahistoria wa Marekani, aliandika kitabu juu ya habari hizo, kilichotoka mwaka 2000, naye aonyesha kwamba hadithi za namna hiyo zilibeba hofu ya kweli ya watu juu ya wageni waliowatawala na kuwatumikisha.

Sisi twapata somo hapa. Aliyeuliza juu ya mumiani hakutaka tu kujua kazi ya zimamoto ni nini. Moyoni aliuliza, "Ni nani anayetunyonya sisi, naye anatajirika?" Swali hilo halikujibiwa kwa kueleza mpira wa maji na ngazi. Vivyo hivyo katika kijiji kile cha Mgori. Chini ya habari ya simba wa kutumwa palikuwa na hofu ya kweli: fisi wanakaribia zizi, watoto wanachunga peke yao jioni, na mwaka ulikuwa mbaya. Mwenye kuujibu uvumi asiijibu hofu amefyeka majani, akauacha mzizi.

Uongo wa makusudi una sheria nyingine. Mwezi wa Aprili 1917, wakati wa vita kuu ya kwanza, magazeti makubwa ya Uingereza yalitangaza kwamba Wadachi wana kiwanda cha kuchemsha maiti za askari wao wapate mafuta. Haikuwa kweli. Mwaka 1925 waziri wa mambo ya nchi za nje, Austen Chamberlain, alilikubali mbele ya Bunge kanusho la serikali ya Ujerumani. Labda mtu atasema, "Uongo huo ulisaidia kushinda vita, una ubaya gani?" Ubaya wake ulikuja baadaye. Katika vita ya pili, habari za kweli zilipotoka kwamba Wayahudi wanauawa kwa maelfu na maelfu, wako waliotikisa kichwa na kusema, "Hizi ni hadithi kama zile za kiwanda." Mwongo haibi kweli ya leo tu, huiba na imani ambayo kweli ya kesho itaihitaji. Ndiyo sababu gazeti lililodanganya mara moja kwa kusudi jema limejiondolea nguvu ya kuonya siku ya hatari.

Na wako waandishi waliouchukua uongo kama panga. Hapa kwetu Arusha, tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994 iliwatia hatiani watu watatu wa magazeti na redio: Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio iliyoitwa RTLM, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Mwaka 2007 mahakama ya rufani ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu zao, lakini hatia haikuondolewa. Wengi katika nchi ile walikuwa Wakristo waliobatizwa. Walisikia jirani zao wakiitwa mende, wakasadiki.

Hapo twasikia mtu akituambia: "Hayo ni ya wengine. Sisi Walutheri tunayo Katekisimo." Ni kweli, tunayo. Martin Luther aliitoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, na kila mtoto wa kipaimara ajua jinsi alivyoieleza amri ya nane. Hakuishia kusema kwamba tusimsingizie jirani. Aliongeza kwamba tumtetee, tumnene mema, na kuyageuza mambo yake yote upande ulio mwema. Ndiyo desturi yake katika amri nyingi: ndani ya kila katazo aliona deni. Asiyeua bado hajaitimiza amri ya tano, ikiwa amemwona jirani yake hatarini akapita. Asiyesingizia bado hajaitimiza amri ya nane, ikiwa amemsikia jirani yake akisingiziwa akanyamaza. Kwa mafundisho hayo swali letu limejibiwa: haitoshi gazeti lisiseme uongo.

Lakini tusijisifu. Mtu yule yule, miaka 14 baadaye, mwaka 1543, alipiga chapa kitabu juu ya Wayahudi, na ndani yake alikariri masingizio ya kale, kwamba wanatia sumu visimani na kuiba watoto. Hakuuliza ni nani aliyeona. Alimsahau jirani aliyeandika juu yake mwaka 1529. Baada ya karne nne wafuasi wa Hitler walikichukua kitabu kile wakakitumia. Makanisa ya Kilutheri yamekiri kosa hili. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani lilitoa tamko mwaka 1994 la kuyakataa maneno yale na kuomboleza. Twayaandika haya kwa huzuni, wala si kwa kumtukana baba yetu katika imani. Twayaandika ili kila mwalimu ajue kwamba kujua Katekisimo kwa moyo, hata kuitunga, hakumkingi mtu na habari za uongo, kama habari hizo zamhusu mtu asiyempenda. Hapo ndipo jaribu lilipo. Uongo juu ya rafiki yetu twauchunguza mara saba. Uongo juu ya mtu tunayemwogopa twaumeza mzima.

Sasa tuyasikie mashaka ya wale wasiokubaliana nasi, maana yana uzito.

Wa kwanza asema: "Kuujibu uongo ni kuutangaza. Waliokuwa hawajausikia watausikia kwenu." Neno hili lina kweli ndani yake. Kama tungalichapa mwezi ule, "Si kweli kwamba mama fulani hutuma simba," wasomaji wa mbali wangalibaki na vitu viwili tu kichwani, yule mama na simba, na neno "si kweli" lingalipotea njiani. Kwa hiyo twasema: jibu lifike pale uongo ulipofika, wala lisivuke mpaka. Uongo wa kijiji ujibiwe kijijini kwa kinywa. Uongo wa nchi ujibiwe kwa chapa. Na jibu lianze na kweli, si na uongo. Mtu aseme kwanza: "Mtoto yu hai, mkono wake umefungwa, fisi walikula mbuzi wawili." Kisha, ikiwa lazima, aseme: "Mliyoyasikia zaidi ya hayo hayakuwapo." Hata leo hatukukitaja kijiji, wala hatutakitaja.

Wa pili asema: "Hiyo ni kazi ya serikali." Serikali imefanya kazi hiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu mtu atangazaye habari za uongo kwa kukusudia, na Sheria ya Huduma za Habari ikafuata mwaka 2016. Mwaka 2017 magazeti kama Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima yalisimamishwa kwa nyakati mbalimbali. Mwezi wa Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, iliamua kwamba baadhi ya vifungu vya sheria ile ya 2016 vinapingana na Mkataba wa Jumuiya. Na mwezi wa Februari 2022 serikali yenyewe ikayafungulia magazeti yaliyokuwa bado yamefungwa. Sisi hatukuwekwa kuwa waamuzi wa kesi hizo. Twasema neno moja tu. Mtawala anao upanga, nao ni kwa ajili ya kumlinda mnyonge. Lakini habari ikimhusu mtawala mwenyewe, ni vigumu awe mshtaki na mwamuzi pamoja. Tena neno "uongo" ni rahisi kulitupia kweli isiyopendeza. Mfalme Ahabu alimwita Eliya mwenye kuwataabisha Israeli, kwa sababu Eliya alimletea habari asizozitaka.

Na tukiwa tumemtaja Ahabu, tukumbuke habari ya shamba la Nabothi. Yezebeli aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee wa mji. Mashahidi wawili wa uongo wakaletwa. Nabothi akapigwa mawe, na shamba likapata mwenyewe mpya. Kila kitu kilikuwa sawa kwa macho: palikuwa na maandishi, palikuwa na muhuri, palikuwa na mashahidi wawili kama torati itakavyo. Ni nani aliyeweza kumwokoa Nabothi? Si mfalme, maana jina lake ndilo lililotumiwa. Ni wale wazee wa mji, waliomjua Nabothi tangu utoto wake, nao walijua kwamba hakumlaani Mungu. Kusanyiko hata likasadiki, sababu wazee walikaa kimya na kutii. Tukiisoma sura hiyo twamtazama Yezebeli tu, na kumchukia. Afadhali tuwatazame wale wazee, maana sisi twafanana nao zaidi.

Wa tatu asema: "Siku hizi wako wenye ujuzi wa kazi hiyo, tuwaachie." Naam, wako, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Africa Check ilianzishwa Afrika ya Kusini mwaka 2012. PesaCheck ilianza Kenya mwaka 2016. Na hapa Tanzania tunao Nukta Fakti na JamiiCheck. Kazi yao si uganga. Wakiletewa picha, hutafuta mahali ilipoonekana mara ya kwanza na siku yake. Wakisikia kwamba mtu fulani alisema neno, humwuliza mwenyewe. Wakiletewa hesabu, huitafuta ilikotoka. Kisha huandika njia yote waliyopita, ili msomaji aweze kuipita mwenyewe na kuona kama wamekosa. Njia hii twaisifu sana, kwa sababu haimwambii msomaji, "Nisadiki mimi," bali humwambia, "Njoo utazame." Lakini wao ni wachache, na kazi yao ni kubwa. Hawatakuwapo Mgori siku ya mnada. Atakayekuwapo ni mwinjilisti, na mzee wa kanisa, na mama wa kwaya.

Wala hili si jambo geni katika historia yetu. Magazeti ya kwanza ya Kiswahili, kama Msimulizi la misheni ya Waingereza, lililotoka Unguja tangu mwaka 1888, na Pwani na Bara la Walutheri, lililoanza mwaka 1910, yaliishi kwa barua za walimu na wasomaji wao. Mwalimu ndiye aliyekuwa jicho la gazeti. Jicho likiona vibaya, mwili wote huenda gizani.

Kwa hiyo twaweka mbele yenu desturi ambazo sisi wenyewe tumejifunga kuzifuata, nanyi mtuulize tukiziacha.

Tukiletewa habari ya kifo, ya wizi, ya uchawi, au ya kumwaibisha mtu, tutauliza, "Ni nani aliyeona kwa macho yake?" Asipopatikana, hatutachapa. Lakini hatutaishia hapo kama tulivyoishia safari ile. Tutamwandikia mchungaji au mwalimu wa mahali pale siku ile ile, tumwambie, "Neno hili linatembea kwenu, nenda ukaone, na umwone huyo anayetajwa."

Mtu akishtakiwa katika habari, atasikilizwa kabla ya kuandikwa. Hata Nikodemo aliwauliza wakuu kama torati yahukumu mtu kabla ya kumsikia.

Tukikosa sisi, tutalisahihisha kosa mahali pale pale lilipoandikwa, kwa herufi za ukubwa ule ule. Kosa lililotangazwa kwa ngoma halifutwi kwa mnong'ono.

Na ninyi mnaosoma, mkiletewa habari katika simu, msiipeleke mbele ile saa. Ngojeni hata hasira au hofu itulie. Habari ya kweli haiharibiki kwa kulala usiku mmoja. Ya uongo mara nyingi huoza asubuhi. Tuna mithali isemayo, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Tumeitumia mithali hii kama idhini ya kusadiki kila neno. Tangu sasa tuisikie kama onyo: lisemwalo, hata kama halipo, laja, maana kusema kwenyewe kwaweza kulileta. Walisema mama yule ni adui, na vijana wakaanza kumtendea kama adui. Wahenga walisema pia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Ilikuwa hivyo alipokwenda kwa miguu. Leo njia yake si fupi tena, nayo kweli ingali ikitembea kwa miguu. Kwa hiyo yahitaji miguu mingi.

Twamaliza kwa habari ya yule mama. Tulipotambua kosa letu tulimwandikia mwinjilisti wa mahali pale. Yeye hakuhubiri juu ya jambo hilo, wala hakubishana na mtu. Aliwaendea wazazi wa mtoto, akawaomba. Siku ya mnada baba akaja na mwanawe, mkono umefungwa, wakapita katikati ya watu polepole, wakiamkia huku na huku. Kila aliyetaka aliweza kumwona marehemu akila muwa. Kisha baba na mwana, pamoja na mwinjilisti na wazee wawili, walikwenda mpaka kwa binti wa yule mama, wakamwomba arudi nyumbani. Wakati wa kupanda alirudi. Vijana kadhaa walimfyekea shamba. Na wanakijiji wakapatana kwamba watoto wasichunge karibu na msitu baada ya saa kumi, na hilo lilikuwa jibu kwa ile hofu ya kweli.

Twapenda kuwaambia kwamba mambo yote yamekwisha. Hayakwisha. Hata leo wako watu wasionywa uji nyumbani kwake, ambao zamani walikunywa. Wakiulizwa sababu, husema hawana sababu. Yakobo aliufananisha ulimi na moto mdogo uwashao msitu mkubwa. Sisi wa Mgori twajua mioto. Vijiji vyetu vilivyopewa kuulinda msitu tangu miaka ya 1990 vyajua kwamba kuzima moto ni kazi ya siku moja, lakini mti ulioungua huchukua miaka mingi kurudisha kivuli chake. Ndiyo sababu mlinzi hangoji moshi ufike kwake. Akiuona kwa mbali, huenda.

Sisi tuliuona kwa mbali, tukakaa. Twamwomba Mungu msamaha, na yule mama, na ninyi. Mungu atupe ndimi za kweli, na miguu ya kuipeleka.